Maziwa ya Unga na Chupa kwa Mtoto wa Paka Yatima: Tathmini kwa Mlezi Mwenye Paka Wakubwa Nyumbani

Kifurushi ninachokitathmini ni cha kulelea watoto wa paka waliofiwa au kutelekezwa na mama yao. Ndani yake kuna kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki, kijiko cha kupimia, chupa ndogo yenye alama za mililita, chuchu kadhaa za mpira, brashi ya kuoshea na kijikaratasi cha maelekezo. Kampuni nyingi hutengeneza vifurushi vya namna hii na havipishani sana kwa umbo wala kwa matumizi, kwa hiyo nitakieleza kwa vilivyomo badala ya jina lililoandikwa juu ya kopo. Nimekitumia kumlea mtoto mmoja wa paka aliyefika kwetu macho yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kufumbuka, katika nyumba iliyokuwa tayari na jike aliyehasiwa na dume mzee asiyependa kusumbuliwa. Maziwa nimeyaona ni mazuri, chupa ni ya wastani, na maelekezo yana pengo kubwa: yameandikwa kana kwamba mtoto wa paka analelewa na chupa peke yake, ilhali katika nyumba nyingi wamo paka wakubwa ambao, kwa heri au kwa shari, watashiriki katika malezi hayo.

Nianze na maziwa yenyewe, kwa kuwa ndiyo sababu ya mtu kununua kifurushi. Watu wengi wakiletewa mtoto wa paka asiye na mama hukimbilia maziwa ya ng'ombe, na mtoto huyanywa kwa pupa, jambo linalomfanya mlezi aamini kwamba ameshampatia chakula kinachomfaa. Ukweli ni kwamba maziwa ya paka yana protini karibu maradufu ya ile iliyomo katika maziwa ya ng'ombe, na mafuta yake pia ni mengi zaidi, hivyo mtoto anayeshibishwa maziwa ya ng'ombe hujaza tumbo bila kupata cha kutosha kujengea mwili, na mara nyingi huishia kuhara. Kuna pia suala la taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea kwa kiasi kinachotosha. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini huharibika retina ya jicho, na mwaka 1987 ikabainika kwamba upungufu huo huo hudhoofisha misuli ya moyo. Maziwa ya ng'ombe yana taurini kidogo mno. Katika kopo hili taurini imetajwa waziwazi kwenye orodha ya viambato, na ningemshauri kila mnunuzi aitafute hapo kabla ya kutazama picha nzuri iliyoko mbele ya kopo.

Unga ni laini, una harufu ya siagi, na huyeyuka vizuri mradi maji yawe ya moto kiasi, yasiyochemka. Ukiumimina wote kwa pamoja juu ya maji hufanya mabonge madogo ambayo hayaonekani kwa macho lakini huziba tundu la chuchu katikati ya mlo, na mtoto mwenye njaa haelewi kwa nini maziwa yamekatika. Njia iliyonifaa ni kuulowesha kwanza kwa maji kidogo mpaka uwe uji mzito, kuukoroga kwa uma mdogo, kisha kuongeza maji yaliyobaki. Kuutikisa ndani ya chupa ni rahisi zaidi, na ndivyo kijikaratasi kinavyoelekeza, ila hutoa povu jingi, na povu likimezwa huwa gesi tumboni. Anayechagua kutikisa ayaache maziwa yatulie kwanza mpaka povu lipungue. Maziwa yapashwe yakaribie joto la mwili wa paka mwenyewe, yaani kama nyuzi 38 za Selsiasi. Tone likidondoshwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono lihisiwe vuguvugu tu. Yaliyokorogwa hukaa kwenye jokofu kwa muda usiozidi saa 24, na yaliyobaki ndani ya chupa baada ya mlo humwagwa, hata yawe mengi kiasi gani.

Hapa ndipo malalamiko yangu ya kwanza yanapoanza. Kijikaratasi kinapanga kiasi cha maziwa kwa umri wa mtoto, wiki ya kwanza hivi na wiki ya pili vile, wakati mtoto yatima ni nadra kufika na tarehe yake ya kuzaliwa. Walezi wazoefu na madaktari wa mifugo hupima kwa uzito. Tumbo la mtoto mchanga hubeba takriban mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kwa hiyo mwenye gramu 200 atoshelezwe na mililita 8 kwa mlo mmoja, naye arudiwe mara nyingi badala ya kushindiliwa mara chache. Katika wiki ya kwanza ya maisha analishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baadaye nafasi kati ya mlo na mlo huongezeka polepole. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na karibu gramu 100, na anayekua vizuri huongeza kama gramu 10 hadi 15 kila siku. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa kilichonisaidia kuliko chochote kilichomo katika kifurushi, na ni jambo la kusikitisha kwamba mtengenezaji hakutaja mizani hata mara moja. Uzito ukisimama kwa siku nzima ni onyo. Ukishuka, mtoto apelekwe kwa daktari bila kusubiri kesho, kwa sababu viumbe wadogo kiasi hiki hawana akiba mwilini.

Chupa inashikika vizuri, ila alama za mililita zilianza kufutika mapema kwa kuoshwa kila mara na maji ya moto, na mlezi anayepima kwa uzito anazihitaji sana alama hizo. Chuchu huja bila tundu. Mnunuzi hutakiwa kulitoboa mwenyewe, na kijikaratasi hakisemi liwe kubwa kiasi gani, ingawa hapo ndipo uhai na kifo vinapokaribiana. Tundu likiwa dogo mno, mtoto huchoka kabla hajashiba. Likiwa kubwa, maziwa huingia kwa kasi kuliko anavyoweza kumeza, yakapotelea kwenye mapafu na kuleta nimonia. Ninatumia sindano ya kushonea iliyopashwa moto, kisha ninaigeuza chupa juu chini bila kuibana: tone moja likusanyike taratibu kwenye ncha ya chuchu, linenepe, lining'inie, ndipo lidondoke. Likitiririka, chuchu hiyo imeharibika na inafaa kutupwa. Ni vyema basi kwamba mtengenezaji ameweka chuchu za akiba, na katika hili ninampongeza kwa dhati.

Picha iliyochorwa kwenye kijikaratasi inaonyesha namna sahihi ya kumshika mtoto, nami ninaona ni sehemu bora kabisa ya karatasi hiyo. Amelala kifudifudi kama anavyolala ubavuni mwa mama yake, kichwa kimeinuliwa kidogo, na chupa inamjia kutoka mbele. Asilazwe chali kamwe, hata kama ndivyo tulivyozoea kuwabeba watoto wetu wenyewe. Akinyonya sawasawa masikio yake hucheza kwa kila funda, na miguu ya mbele hukanda hewa ikitafuta tumbo la mama. Ninamwekea kitambaa kilichokunjwa mbele yake ili apate cha kukanda. Baada ya mlo hucheulishwa kwa kupapaswa mgongoni taratibu. Meno ya kwanza yanapochomoza, karibu na wiki ya tatu, chuchu zichunguzwe kila siku, kwa sababu huanza kuzitafuna, na kipande cha mpira kikimezwa kinaweza kuziba utumbo.

Jambo moja ambalo kifurushi chote kimelinyamazia ni joto. Mtoto wa paka hawezi kujidhibiti joto la mwili katika wiki zake za kwanza, na katika wiki ya kwanza kabisa mahali anapolala panapaswa kuwa na takriban nyuzi 30 za Selsiasi. Mtoto aliyepoa asipewe maziwa hata akilia: tumbo lililopoa halisagi chakula, hivyo maziwa hukaa, yakachacha na kumvimbisha. Apashwe joto kwanza, polepole, kifuani mwa mlezi au pembeni mwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaani, na alishwe baada ya mdomo na nyayo zake kuwa na joto. Sentensi mbili tu juu ya hili zingetosha kuokoa watoto ambao hufa midomo ikiwa na maziwa mazuri.

Sasa nifike kwenye paka wakubwa, maana ndiko kifurushi kilikoniacha kabisa. Maelekezo yana mstari mmoja tu unaosema mtoto atengwe na wanyama wengine. Kwa siku za mwanzo ni agizo sahihi, na lina sababu nzito. Paka mchanga hupata sehemu kubwa ya kinga yake kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake hupitisha kingamwili hizo katika siku ya kwanza tu ya maisha. Yatima ambaye hakunyonya katika muda huo hana ngao, na hakuna maziwa ya unga yanayoweza kumrudishia. Paka mkubwa mwenye afya njema anaweza kubeba virusi vya mafua ya paka bila kuonyesha dalili, akavipitisha kwa kumlamba tu. Hatari huja pia kutoka upande wa pili: mtoto aliyeokotwa huweza kuingiza viroboto, minyoo, leukemia ya paka au panleukopenia, ugonjwa hatari wa utumbo na damu ambao virusi vyake hudumu katika mazingira hata mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto akae chumba chake kwa angalau wiki mbili, paka wakubwa wawe wamekamilisha chanjo zao, daktari ampime mgeni leukemia, na mlezi aoshe mikono na kuvua nguo ya juu anapotoka chumba kimoja kwenda kingine. Viroboto vya mtoto mdogo sana ni vya kuondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu na maji ya vuguvugu. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini, aina ya kiuawadudu, ni sumu kwa paka wa umri wowote.

Lakini agizo la kutenga halina mwisho katika kijikaratasi kile, na mtu akilifuata kama lilivyo atamlea paka asiyejua kwamba yeye ni paka. Wiki za pili hadi ya saba za maisha ndizo ambazo paka hujifunza kwa urahisi zaidi ni viumbe gani wa kuzoeana nao. Mtoto wa pekee anayelelewa kwa chupa hupata mikono ya binadamu kwa wingi, ila hapati ndugu wa kumng'ata naye akang'atwa, wala mama wa kuondoka pale mchezo unapozidi ukali. Wengi hukua wakiuma na kukwaruza kwa nguvu zao zote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha mpaka uko wapi. Binadamu hawezi kuonyesha hilo vizuri. Paka mkubwa anaweza.

Maziwa yenyewe yalisaidia kufungua mlango, na hilo sikulitarajia kutoka kwenye kopo. Harufu yake huwavutia sana paka wakubwa, kiasi kwamba kifuniko kile cha plastiki hakiwazuii. Dume letu alikiinua kwa ukucha mmoja, na tangu hapo kopo hukaa ndani ya kabati lenye komeo. Muda wa karantini ulipokwisha na daktari akaturuhusu, nilibadilishana kwanza vitambaa vya kulalia ili kila upande uzoee harufu ya mwingine, kisha nikamweka mtoto ndani ya kizimba cha wavu sebuleni wakati wakubwa wakila chakula wakipendacho umbali wa kutosha. Dume alisimamisha manyoya, akafoka na kupanda juu ya kabati, nasi tukamwacha huko. Kufoka ni onyo, ni namna ya paka kuomba nafasi, na anayeadhibiwa kwa kufoka hujifunza kwamba ujio wa mgeni huleta adhabu. Jike yeye alisogea karibu na wavu kila baada ya mlo wa mtoto, akinusa.

Siku niliyomtoa mtoto kizimbani nikiwa nimemshika mkononi, kidevu chake kilikuwa kimelowa maziwa yaliyomwagika. Jike alinusa kidevu, akakilamba. Akaendelea na shavu, akapanda sikioni, akashuka shingoni, kisha akamlaza kwa mkono mmoja na kuanza kumlamba chini ya mkia kwa bidii, na mtoto akakojoa pale pale. Wanaofahamu malezi ya paka wataelewa uzito wa tukio hilo. Paka mchanga hawezi kujisaidia mwenyewe mpaka afikie karibu wiki tatu. Mama humlamba ili kuuamsha mwili wake, na mlezi wa kibinadamu huiga ulimi huo kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, akifuta kwa upole kabla au baada ya kila mlo. Kwetu haja ya pamba ilikuwa ikielekea ukingoni, lakini ulimi wa jike ulimaliza kwa muda mfupi kazi ambayo pamba iliifanya kwa kusuasua, na tena ulimsafisha manyoya maziwa yaliyokaukia shingoni, ambayo yakiachwa hung'oa nywele na kuchubua ngozi.

Si kila jike atafanya hivyo, na hakuna aliye na wajibu wa kufanya. Wapo majike waliohasiwa wanaompokea mtoto asiye wao kwa moyo wote, na wapo wanaohama chumba. Madume wengine humvumilia mtoto mradi asiwarukie mkia. Wengine ni hatari, na paka madume wamewahi kuua watoto wasio wao, kwa hiyo mtoto asiachwe na mkubwa yeyote bila mtu kuwapo mpaka awe na mwili wa kujiokoa kwa kukimbia. Tahadhari nyingine ni unyonyaji. Mtoto wa chupa anaweza kushika chuchu kavu za jike na kuzinyonya mpaka zikavimba, na zikianza kuwa nyekundu watenganishwe kwa muda. Muhimu zaidi, wakubwa wasipoteze chochote kwa sababu ya mgeni. Walishwe kwanza, wapapaswe kwanza, wawe na mahali pa juu ambapo mtoto hawezi kufika, na masanduku ya mchanga ya kujisaidia yawe moja zaidi ya idadi ya paka waliomo.

Dume mzee ndiye aliyekuja kuwa mwalimu, kwa namna yake. Mtoto alipofikia umri wa kukimbia alimvamia mkia, akauma. Dume aligeuka, akambana shingo sakafuni kwa mkono wenye kucha zilizofichwa, akamshikilia hapo mpaka akatulia, kisha akainuka na kwenda zake. Mtoto alibaki amekaa akimtazama. Baada ya masomo machache ya namna hiyo vidole vyetu navyo vilianza kupata nafuu, jambo ambalo makaripio yetu yalikuwa yameshindwa kabisa kulileta.

Kuanzia wiki ya nne unga huu una matumizi mengine mazuri: huchanganywa na chakula laini cha watoto wa paka kuwa uji, ukawekwa kwenye kisahani kifupi, na mtoto akaachishwa chupa hatua kwa hatua. Hapa wakubwa hurudi tena kuwa tatizo, kwa kuwa watamaliza kisahani hicho kabla mtoto hajajua ni chakula. Alishiwe kizimbani, mlango ukiwa umefungwa. Chakula cha watoto kina nguvu nyingi na huwanenepesha wakubwa, na kile cha wakubwa mara nyingi hakimtoshelezi mtoto anayekua. Mchanga unaoganda ukilowa usitumiwe na mtoto mdogo, maana huula. Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya pili au ya tatu, kwa kipimo cha daktari. Chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka afike angalau wiki 16.

Kifurushi hiki ninakipendekeza kwa aliyeletewa mtoto asiye na mama na ambaye hana jike anayenyonyesha karibu. Kama yuko jike mwenye watoto wa umri huo, mwenye afya na aliye tayari kumpokea, huyo anapita kopo lolote, na unga uwe wa kujazia tu pale uzito unaposuasua. Wenye bomba dogo la sindano lisilo na ncha wanaweza kulitumia siku za mwanzo badala ya chupa, tone kwa tone, kwa watoto dhaifu wasioweza kuvuta chuchu. Mtengenezaji ninamwomba atoe chuchu zenye tundu lililopimwa, aziandike alama za mililita kwa namna isiyofutika, aweke jedwali la uzito mahali pa lile la umri, na auongezee ule mstari unaosema mtoto atengwe maelezo ya lini na jinsi gani afunguliwe mlango.